Jinsi ya kufuatilia mwani wa mawe ya mtoni nchini Uganda, kwa kuhesabu kuanzia siku ya furiko

Anayevuka Mto Manafwa, mashariki mwa Uganda, kwa miguu mitupu mwezi wa Februari hupapasa kwanza kwa kidole gumba kabla ya kukanyaga, kwa kuwa mawe yaliyozama yamevaa utelezi. Akirudi katikati ya Mei, baada ya mto kujaa mara mbili tatu, atayakuta mawe yale yale yamesuguliwa kama sufuria iliyooshwa kwa mchanga na jivu. Utelezi huo ni mwani unaoishi kwa kujishika, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuufuatilia mwaka mzima kwa vifaa ambavyo shule ya sekondari, kamati ya maji au mfugaji wa samaki anaweza kuvipata bila kungoja mfadhili.

Tunaouita mwani kwa jina moja ni mkusanyiko wa viumbe vingi. Safu ya chini yenye rangi ya hudhurungi kwa kawaida ni diatomu, viumbe vya seli moja vyenye ganda la silika, ambavyo hujigandisha kwenye jiwe kwa ute wao wenyewe. Juu yake huweza kuota nyuzi za mwani wa kijani, kama vile Spirogyra na Cladophora, na mahali pengine hutanda zulia la kijani-buluu au jeusi ambalo kwa hakika ni bakteria wenye klorofili. Humo humo mna chembe za udongo, mabaki ya majani na mayai ya wadudu. Konokono, lava wa wadudu wa majini na samaki wanaokula chini, akiwemo ningu wa bonde la Ziwa Viktoria, hupata humo sehemu ya chakula chao. Nyuzi zikizidi, hukatika, zikaelea, na huweza kuziba chujio lililo mdomoni mwa bomba la mradi wa maji ya mserereko.

Majira ya mwani hayafuati kalenda

Maelezo mengi ya somo hili yaliandikwa kwa ajili ya mito ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako mwani hustawi mchana unaporefuka na kabla majani ya miti hayajaufunika mto, kisha mara nyingi hupata nafasi ya pili majani yanapopukutika. Ukiyachukua maelezo hayo yalivyo ukaenda nayo Mbale, mji ulio chini ya Mlima Elgon, utapotea. Ikweta inapita ndani ya nchi yetu. Mchana ni wa karibu saa 12 Januari hata Desemba, na joto la maji ya mahali pamoja halipishani sana kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Kinachobadilika ni maji yenyewe: wingi wake, nguvu yake na tope lake.

Kusini mwa nchi mvua huja mara mbili, takriban Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ilhali kaskazini huwa kipindi kimoja kirefu, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ambacho hupungua kidogo katikati. Katika miteremko ya Mlima Elgon miezi mikavu zaidi ni Desemba, Januari na Februari. Hiyo ndiyo ramani ya kuanzia, lakini ni ya kuanzia tu. Mafuriko yaliyoipiga Mbale usiku wa tarehe 30 Julai 2022, wakati mito ya Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo zake, hayakungoja mwezi wa kilele cha mvua. Aliyekuwa na mawe ya kupima katika mito ile angepoteza kila kitu kwa usiku mmoja, wala kalenda yake isingemwonya.

Furiko huuondoa mwani kwa njia tatu: mkondo huuvuta ukang'oka, mchanga unaosafiri ndani ya maji huukwangua kama msasa, na mawe yenyewe huviringika yakasagana. Baada ya hapo maji huendelea kuwa na tope kwa siku kadhaa, na mwanga haufiki chini. Maji yakishasafika, utando mwembamba wa hudhurungi huonekana ndani ya siku chache, hukamata mawe mengi katika wiki mbili, kisha hunenepa. Nyuzi za kijani hufuata ikiwa pana jua na mbolea ya kutosha. Mto ukitulia, kilele mara nyingi hufika kati ya wiki ya nne na ya nane, na hapo utando huanza kubanduka wenyewe hata bila furiko, kwa kuwa safu ya chini imenyimwa mwanga na zilizo juu yake, imekufa, na haishiki tena.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ufikapo mtoni ni kwamba leo ni siku ya ngapi tangu furiko la mwisho. Mwezi uandike, lakini uuandike baadaye. Watu wawili waliopima Januari katika mito miwili jirani, mmoja siku ya 9 na mwingine siku ya 50, hawajapima majira yale yale, hata kama walitoka nyumbani asubuhi moja.

Namna ya kuitambua siku ya furiko

Wataalamu wa mito ya New Zealand, ambayo nayo hupigwa na mafuriko wakati wowote wa mwaka, wamezoea kulihesabu kuwa furiko la maana lile ambalo wingi wa maji umepita mara tatu ya kiwango cha kati cha mto huo. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mwenye kituo cha kupimia maji. Asiye nacho afanye mambo mawili. Kwanza, achore mistari ya kila sentimita 10 kwa rangi ya mafuta kwenye nguzo ya daraja au kwenye mwamba usiotikisika, na ampe mtu anayeishi karibu daftari la kuandika kimo cha maji kila asubuhi. Pili, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, apake rangi nyekundu mawe 20 yaliyotoka mto huo huo, nusu yakiwa na ukubwa wa ngumi na nusu ukubwa wa kichwa cha mtoto, ayaache yakauke kabisa, kisha ayapange katika mstari mmoja ukingo hadi ukingo. Baada ya kila mvua kubwa aende kuyatazama. Yakiwa mahali pake, mto ulijaa lakini haukusugua. Yale ya ngumi yakiwa yameondoka na makubwa yamebaki, mwani wa mawe madogo umerudi mwanzo, ila wa makubwa huenda umesalimika kwa sehemu. Yote yakitoweka, hiyo ni siku ya sifuri. Kimo cha maji hukuambia mto ulifika wapi. Mawe ya rangi hukuambia ulifanya nini.

Kuchagua mahali

Tafuta sehemu ambapo maji hupita juu ya mawe kwa haraka kiasi cha kutoa sauti, kina kikiwa kati ya sentimita 20 na 40, na uso wa maji ukipata jua kwa saa nyingi za mchana. Epuka mahali pa kufulia nguo na pa kuoshea pikipiki, maana sabuni, mafuta na nyayo huharibu hesabu. Mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kabla ya kuweka chochote majini. Mgeni anayeinama mtoni na chupa mkononi huzua maneno, na maneno hayo hufika mbali kuliko maelezo utakayoyatoa baadaye.

Kivuli kinastahili uangalifu wa pekee. Ndani ya msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon mawe huweza kuonekana karibu matupu hata katikati ya kiangazi, kwa sababu miti imeziba mwanga. Chini zaidi, mto unapopita kati ya mashamba ya kahawa na migomba, na kingo zake zimefyekwa, mawe hugeuka kijani. Ni rahisi kusema kwamba mbolea ya mashamba ndiyo sababu, kumbe huenda ni jua tu. Ukitaka kulinganisha juu na chini, chagua vituo viwili vyenye mwanga unaokaribiana, la sivyo utakuwa unapima miti.

Si kila mto unafaa. Nile inapotoka ziwani Jinja hupokea maji yaliyokwisha kutulia, na tangu bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, bwawa ambalo leo huitwa Nalubaale, mtiririko wake huamuliwa pia na wanaoendesha mitambo. Mwani upo tele, lakini hautakufundisha majira ya mvua. Mto Katonga hupita kwenye mafunjo na tope, na huko mwani hujishika kwenye mashina, si kwenye mawe. Mto Nyamwamba wa Kasese una mawe mazuri sana, ila unapita Kilembe, ambako shaba ilichimbwa kwa miaka mingi na mabaki yake yangalipo, na shaba ni sumu kwa mwani. Ukiutumia mto huo, weka kituo kimoja juu ya machimbo na kingine chini yake, na usiuchanganye katika jedwali moja na mito mingine. Upande wa magharibi Mto Mpanga, na upande wa mashariki Manafwa na Sironko katika sehemu zake za juu zenye mawe, hufaa zaidi kwa anayeanza.

Mawe na vigae

Mawe ya mto yenyewe hukuonyesha hali ilivyo. Vigae ulivyoviweka kwa mkono wako hukuonyesha kasi ya kuota, kwa sababu unaijua tarehe ya kila kimoja. Tumia vyote viwili.

Kigae kinachofaa ni cha udongo wa kuchoma au cha saruji, kisichong'arishwa, chenye upande wa sentimita 10, ili eneo lake la juu liwe sentimita 100 za mraba na hesabu iwe nyepesi. Kifunge kwa waya juu ya tofali zito, ukilaze sambamba na mkondo, na ukizamishe katika kina kile kile ulichochagulia mawe. Mara ya kwanza nilinunua vigae vyeupe vya bafuni, vipya na vinavyometameta, nikaviweka 12. Baada ya wiki moja vilibaki 4. Kimoja nilikikuta baadaye kwenye meza ya muuza chapati, kimewekwa chini ya sufuria ya mafuta, nami nikala chapati bila kusema neno, kwa kuwa kosa lilikuwa langu: kitu kizuri hakiachwi njiani. Tangu hapo hutumia vipande vya vigae vya paa vilivyovunjika, nikavipima eneo kwa karatasi ya miraba, na havijaguswa. Uso wao mkwaruzo pia hushika mwani mapema kuliko uso laini wa kigae cha bafuni.

Weka vigae 15 mara tu maji yanaposafika baada ya furiko. Toa vitatu baada ya wiki 1, vitatu baada ya wiki 2, kisha wiki ya 4, ya 6 na ya 8. Kila unapokwenda kutoa vigae, chukua pia mawe 5 ya mto, na hapa pana mtego: jicho hupenda jiwe la kijani zaidi. Vuka mto kwa hatua, na kila hatua ya tatu inamisha mkono bila kutazama, ukachukua jiwe la kwanza linaloguswa na kidole.

Kukwangua

Huhitaji kukwangua jiwe zima. Chukua mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 5, ambao eneo lake ni sentimita 19.6 za mraba, uukandamize juu ya jiwe, kisha usugue kila kitu kilicho nje yake mpaka jiwe libaki tupu, na usuuze. Ukiinua mfuniko utaona duara moja la mwani limebaki. Likwangue kwa wembe, limalizie kwa mswaki wenye nywele ngumu, na uoshee yote katika beseni jeupe kwa maji safi kidogo kidogo. Rudia kwa mawe yote matano, changanya katika chombo kimoja, pima jumla ya ujazo, na uiandike papo hapo. Tarakimu hii moja ikisahauliwa, kazi yote ya asubuhi imepotea.

Tikisa vizuri, kisha gawanya mara tatu. Sehemu ya klorofili iingie katika chupa iliyofungwa kwa karatasi ya foili na ikae kwenye barafu, kwa maana mwanga na joto huivunja klorofili haraka. Isipochambuliwa siku hiyo, igandishwe. Sehemu ya kupima uzito nayo ikae kwenye baridi. Sehemu ya hadubini itiwe matone ya myeyusho wa iodini wa Lugol, unaopatikana katika maabara nyingi za kemia za shule, mpaka ifanane na chai ya rangi iliyopoa.

Vipimo, kuanzia cha bure

Kipimo cha bure ni jicho na kidole, nami ningependelea shule ifanye hiki kila wiki mbili kwa mwaka mzima kuliko ilipie maabara mara moja na kukoma. Katika kila jiwe kadiria ni asilimia ngapi ya uso imefunikwa, na unene wa utando: chini ya nusu milimita, ambao huutambua zaidi kwa kuteleza kuliko kwa kuona, kati ya nusu na milimita 3, na zaidi ya 3. Nyuzi zilizopita sentimita 2 ziandike peke yake. Mtu yule yule akadirie kila mara, na kama ni darasa, wote wakadirie mawe matatu pamoja kwanza hadi macho yao yakubaliane.

Kipimo cha uzito kinahitaji mizani nyeti na tanuri. Kausha sampuli kwa nyuzi 105 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike, pima, ichome kwa nyuzi 500 kwa saa moja, kisha pima tena; kilichopotea ndicho kilichokuwa hai au kilichotokana na viumbe. Usidanganyike na uzito mkavu peke yake, hasa katika mito inayotoka Bududa, wilaya ya miteremko ya Elgon, ambako udongo ni mwingi majini na utando unaoonekana mnene huweza kuwa tope kwa sehemu kubwa. Tena udongo wa mfinyanzi hushika maji ndani yake hata baada ya kukauka, na maji hayo hutoka wakati wa kuchoma, yakahesabiwa kimakosa kuwa uhai. Dawa yake ni kulowanisha majivu kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa kuvukizwa na kupozwa, na kuyakausha tena kwa nyuzi 105 kabla ya kupima mara ya mwisho.

Klorofili ndiyo kipimo cha mwani hasa, na kwa hiki utahitaji chuo chenye spektrofotomita, kifaa kinachosoma ni mwanga kiasi gani myeyusho unaufyonza. Sampuli huchujwa kwa karatasi ya nyuzi za kioo, ikaloweshwa katika asetoni ya asilimia 90 kwa usiku mmoja gizani na kwenye baridi, kisha myeyusho husomwa katika mwanga wa nanomita 664 na 750. Baadaye hutiwa tindikali kidogo na kusomwa tena katika 665 na 750. Kila somo hupunguzwa lile la 750, ambalo ni la ukungu tu. Tofauti ya masomo mawili yanayobaki huzidishwa kwa 26.7 na kwa lita za myeyusho, ikagawanywa kwa eneo katika mita za mraba, kwa kijaruba (kichupa cha kuwekea myeyusho ndani ya kifaa) cha upana wa sentimita 1. Tuseme somo la kwanza ni 0.200, la pili 0.120, myeyusho ni lita 0.010, na sampuli yote ya duara moja, yaani mita za mraba 0.00196, ilichujwa: jibu ni karibu miligramu 10.9 kwa mita ya mraba, kiasi ambacho bado ni kidogo. Mawe matano yakichanganywa, eneo huzidishwa kwa tano. Na kama ulichuja sehemu tu ya mchanganyiko, jibu lizidishwe kwa ujazo wote uliogawanywa kwa ujazo uliochujwa. Katika nchi za baridi, miligramu 100 hadi 150 ndiyo mipaka inayotajwa mara nyingi kuwa mwani umekuwa kero.

Ukiwa na uzito na klorofili vyote viwili, gawanya uzito ulioungua kwa klorofili, vyote vikiwa miligramu kwa mita ya mraba. Jibu kati ya 50 na 200 ni la kawaida kwa utando wenye mwani mzima. Likipita 400, jua kwamba vitu vilivyokufa au bakteria wanaokula uchafu ndio wengi, na utazame juu ya mto kama kuna mfereji wa maji machafu.

Usalama

Vaa buti za mpira na glovu ndefu mahali penye maji yaliyotulia na konokono, kwa sababu baadhi ya konokono wanaolisha juu ya mwani ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Pili, usitazame mawingu yaliyo juu yako. Tazama ya mlimani. Nyamwamba uliwahi kujaa vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, na katika mito ya namna hiyo maji hushuka kutoka juu hata pale ulipo pakiwa pakavu. Maji yakibadilika rangi ghafla na kuanza kubeba majani na vijiti, toka, na beseni liache.

Kuchora na kusoma

Chora grafu ambayo mstari wake wa chini ni siku tangu furiko, na uandike tarehe kwa herufi ndogo kando ya kila nukta. Nyuzi ndefu za kijani zikitokea kabla ya wiki ya tatu, mahali penye mwanga ule ule ambapo zamani zilichukua wiki sita, shuku fosforasi na nitrojeni kutoka mashambani au vyooni. Utando ukibaki mwembamba ingawa jua lipo na siku ni nyingi, hesabu konokono na lava kabla ya kusema mto hauna rutuba, kwa maana yaweza kuwa unaota na kuliwa kwa kasi moja.

Furiko likija wiki ya tano, vigae vikachukuliwa na maji, usiifute grafu. Funga mstari pale ulipofika, andika kimo cha maji na mawe mangapi ya rangi yaliondoka, kisha ngoja maji yasafike, uweke vigae vingine na uandike 0.